Kuiba Mnyama wa Kwenye Simu: Je, ni Dhambi au ni Mchezo Tu?

Masomo: 2 Samweli 12:1-7, Walawi 6:1-5, Mithali 26:18-19, Luka 16:10-12



Katika toleo hili tumeona vema tuseme juu ya jambo ambalo wazee wengi wataliona dogo, nalo ni wanyama wa kufugwa wanaokaa ndani ya michezo ya watoto kwenye simu. Wengine watauliza: Mchungaji, posho imepungua, mvua imechelewa, watoto hawana madaftari, nawe watuandikia habari za vijibwa vya simu? Swali hilo ni la haki. Lakini mtoto hawezi kujifunza uaminifu kwenye shamba au ng'ombe wa baba yake, maana shamba tuliliacha na ng'ombe hawapo. Anajifunza kwenye kile alicho nacho mkononi. Na siku hizi, hata humu katika makazi yetu, alicho nacho mkononi mara nyingi ni simu ya kaka yake, saa moja jioni, bando likiwapo.

Swali tunalotaka kulitafakari pamoja ni hili: mtu akichukua kwa hila mnyama ambaye hana damu wala manyoya, mnyama ambaye ni picha na namba tu, je, ameiba? Na kama ameiba, arudishe nini?

WANYAMA HAWA NI NINI?

Kwa ajili ya wazazi wasiojua, tueleze kwa kifupi. Mwezi wa Novemba 1996 kampuni ya Bandai ya Japani ilianza kuuza kidude kidogo chenye umbo la yai, chenye vifungo vitatu na kioo kidogo, kiitwacho Tamagotchi. Ndani ya kioo anaanguliwa kiumbe. Anaomba chakula, anaomba kusafishwa, anaugua, anaita kwa mlio. Asipoangaliwa, anakufa. Mwaka 1997 kidude hicho kilienea duniani, na shule za nchi nyingi zilikikataza kwa sababu watoto walikuwa wakikilisha katikati ya masomo.

Mwaka 1999 vijana wawili wa Uingereza, Adam Powell na Donna Williams, walianzisha Neopets. Hapo mnyama aliwekwa ndani ya intaneti, na mtoto alimfikia kwa akaunti yake, yaani jina lake na neno lake la siri, ambalo vijana wetu huliita paswadi. Mwaka 2005 kampuni ya Viacom ya Marekani iliinunua Neopets kwa dola milioni 160.

Leo mchezo wa namna hii unaojulikana sana ni Adopt Me!, uliomo ndani ya Roblox. Ulianza mwaka 2017, na wanyama wakaongezwa mwaka 2019. Mtoto hupata yai, hulilea hadi lianguliwe, kisha humlea mnyama kwa kumlisha, kumwogesha na kumlaza mpaka akomae. Wako wanyama wa kawaida na wako adimu. Nao hubadilishwa kati ya mchezaji na mchezaji, kama sisi tunavyobadilishana maharage na unga siku ya mgao. Penye kubadilishana pana soko, na penye soko pana matapeli.

NENO LILILOLETWA KWA WAZEE

Mwaka huu wazee wa kanisa waliletewa neno la namna hii, na wazazi wa pande zote mbili wameturuhusu kulieleza bila majina.

Binti mmoja wa miaka 11 alikuwa na mnyama katika mchezo mmoja wa simu. Alimpata pamoja na dada yake, mtoto wa mama yake mdogo, ambaye familia yake ilipata safari ya kwenda Marekani. Yai lilitumwa na yule wa Marekani kama zawadi. Waliliangua pamoja na kumlea mnyama pamoja. Kila Jumamosi jioni, kaka yake akirudi kutoka kibaruani na simu, mabinti hawa wawili walikutana humo ndani ya mchezo. Hawakuwa na mahali pengine pa kukutana.

Kijana wa miaka 14, jirani na mwimbaji mwenzake wa kwaya ya watoto, alimwambia, "Nipe paswadi yako nikusaidie kumlea siku ambazo huna bando." Akapewa. Baada ya majuma machache mnyama hakuwamo tena. Kijana alikuwa amembadilisha kwa mtu asiyemjua, akapata mnyama mwingine aliyemtamani siku nyingi, akamweka kwenye akaunti yake mwenyewe.

Binti alilia siku mbili. Mama zao waliacha kusalimiana bombani. Baba wa kijana alisema mbele ya wazee, "Hii ni katuni. Ni namba. Mnataka nilipe nini, nilipe katuni?" Mama wa binti akajibu, "Mwizi ni mwizi." Nasi tukaona kwamba kila mmoja wao alikuwa ameshika kipande cha swali, wala lisingekwisha kwa kuwaambia tu, "Samehaneni, ni mambo ya watoto."

"NI NAMBA TU"

Tuanze na neno la baba, maana si neno la kijinga. Ni kweli kwamba mnyama yule hapumui. Hakuna aliyepungukiwa na unga kwa sababu ya kupotea kwake. Ukizima simu, haonekani.

Lakini, wapendwa, sisi ndio watu wa mwisho duniani wanaoweza kusema kwamba kitu ni bure kwa kuwa ni namba. Kadi ya familia ni nini? Ni karatasi yenye namba. Ukiipeleka jikoni haipikiki. Hata hivyo kila mama hapa huilinda kuliko sufuria, kwa sababu anajua kwamba nyuma ya namba ile kuna chakula cha watoto wake na jina lao katika orodha. Pesa ya simu nayo ni nini? Ni namba juu ya kioo. Mtu akijua namba yako ya siri na kuihamisha, hatusemi, "Ni tarakimu tu." Twasema ameiba.

Mtu atajibu: kadi huleta unga na pesa ya simu huleta sabuni, bali mnyama wa mchezo haleti kitu. Jibu hilo lina nguvu, lakini halitoshi. Kwanza, ile milioni 160 ya dola inatuambia kwamba wafanyabiashara hawaoni kuwa wanyama hawa ni bure. Pili, mahakama imekwisha kulipima jambo hili. Mwaka 2007, katika mji wa Leeuwarden nchini Uholanzi, vijana wawili walimpiga na kumtishia kwa kisu mwenzao wa miaka 13, wakamlazimisha kuingia katika akaunti yake ya mchezo wa RuneScape, kisha wakajihamishia hirizi na kinyago alivyokuwa navyo ndani ya mchezo. Mtetezi alisema vitu hivyo si vitu. Tarehe 31 Januari 2012 mahakama ya juu kabisa ya Uholanzi ilikataa utetezi huo. Ilisema ni wizi. Vitu vile vilikuwa na thamani kwa kijana kwa sababu ya muda na juhudi aliyotumia kuvipata, navyo vilikuwa chini ya mkono wake mpaka alipopokonywa.

Muda na juhudi: hapo ndipo penye kiini. Mtu akichukua kile ulichokitunza miezi sita, amechukua miezi sita yako. Na miezi ya mtoto si ya bei rahisi kuliko ya mtu mzima.

MWANA-KONDOO WA NATHANI

Biblia inalo somo la ajabu juu ya jambo hili. Daudi alipokuwa amemtwaa mke wa Uria na kumwua Uria, nabii Nathani alimjia na habari za watu wawili wa mji mmoja. Tajiri alikuwa na mifugo tele. Maskini alikuwa na mwana-kondoo mmoja tu, aliyemlea nyumbani pamoja na watoto wake, akila na kunywa pamoja nao. Tajiri akapata mgeni, akaona uchungu kuchinja wa kwake, akamtwaa yule mmoja wa maskini. Daudi alipandwa na hasira, akatamka hukumu. Kisha Nathani akamwonyesha kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe (2 Sam. 12:1-7).

Tuangalie vizuri. Mwana-kondoo wa Nathani hakuwapo. Hakuna zizi lolote Yerusalemu lililompoteza. Alikuwa mnyama wa ndani ya hadithi, kama vile mnyama wa binti yule alivyo wa ndani ya simu. Daudi angeweza kujibu, "Hii ni hadithi tu." Hakujibu hivyo, na Mungu alitumia mnyama asiyekuwapo kuufikia moyo uliokuwapo.

Tena tuone ni nini kilichomkasirisha Daudi. Hakuuliza bei ya kondoo sokoni. Kilichomkasirisha ni kwamba mwenye vingi alitwaa kile kimoja kilichopendwa, tena bila huruma. Basi tunapoupima wizi, tuna mizani zaidi ya ile ya sokoni. Tunauliza: nini kimevunjika ndani ya aliyeibiwa? Na nini kimeota ndani ya aliyeiba? Katika kisa chetu, binti alipoteza mahali pa kukutana na ndugu yake. Kijana naye alijifunza kwamba mtu akikuamini, hapo ndipo umepata nafasi. Hilo la pili linatutisha zaidi. Mnyama atasahauliwa, lakini kijana atakua, atashika ufunguo wa stoo, kisha kadi ya mke wake, kisha sanduku la sadaka. Bwana wetu alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika kidogo ndiye aaminikaye katika kikubwa, na asiye mwaminifu katika mali ya mwingine hatapewa iliyo yake (Lk. 16:10-12).

JE, MCHEZO HAUNA RUHUSA YA UJANJA?

Vijana wetu walituletea hoja nyingine, nayo ni nzuri. Wakasema: katika mpira mchezaji hupiga chenga. Anajifanya kwenda kulia, kumbe anakwenda kushoto. Amemdanganya beki mbele ya watu wote, na hata wachungaji hupiga makofi. Mbona hilo si dhambi?

Jibu letu ni kwamba beki aliingia uwanjani akijua. Wote wawili wamekubali kwamba chenga ni sehemu ya mchezo, na kesho beki naye anaweza kumpiga mwenzake. Lakini mchezaji akiingia chumba cha kuvalia wakati wa mapumziko akachukua viatu vya beki, hiyo si chenga tena. Mpaka uko katika makubaliano: je, mwenzako aliikubali hatari hii alipoanza kucheza?

Katika mchezo wa wanyama, ukipatana na mwenzako kubadilisha mbwa wako kwa ndege wake, naye ameona na kukubali, ni biashara, hata kama baadaye anajuta. Lakini uko utapeli ambao watoto wanaujua vizuri. Mtu husema, "Nipe kwanza mnyama wako nione kama unaniamini, halafu nitakurudishia na zawadi juu." Akishapewa, hutoweka. Watengenezaji wa Adopt Me! wenyewe wanakataza mabadilishano ya namna hiyo, na mchezaji hujibu kwanza maswali juu ya utapeli kabla ya kupewa leseni ya kubadilishana wanyama walio adimu sana. Utapeli huo haumo ndani ya mchezo. Unautumia mchezo ili kuuvunja uaminifu, nao uaminifu si mchezo popote.

Mithali 26:18-19 inamfananisha mtu anayemdanganya jirani yake kisha akadai alikuwa anacheza na mwenda wazimu anayerusha moto na mishale. Tangu zamani watu wamejificha nyuma ya neno "mchezo." Jirani amekwisha kuungua, nawe wasema ulikuwa utani.

MALI HII NI YA NANI HASA?

Sasa tuwaambie watoto kweli nyingine isiyopendeza. Kwa sheria, mnyama wa mchezo si mali kamili ya mtoto. Ni ya kampuni, na mtoto ameruhusiwa kumtumia. Kampuni ikifunga mchezo, wanyama wote wamekwenda. Zaidi ya hayo, hata nyumba ya kampuni huvunjwa. Mwezi wa Julai 2022 ilijulikana kwamba taarifa za akaunti zaidi ya milioni 69 za Neopets zimeibwa na kutangazwa kuuzwa. Humo mlikuwa na majina, barua pepe na tarehe za kuzaliwa. Watu waliofungua akaunti wakiwa watoto, wakazisahau, walikuta habari zao mikononi mwa wezi.

Je, hilo linaufuta wizi wa kijana? Halifuti. Nguo uliyoazimwa ukiibiwa, umeibiwa, ingawa si yako. Lakini linatufundisha kitu kinachoitwa uwakili. Tulikuwa na nyumba, tukaziita zetu. Leo tunakaa katika kiwanja tulichogawiwa, tunalima ardhi ya wenyeji wetu, wala hatuwezi kuuza hata mita moja. Je, tunaacha kupanda miembe? Wengi wetu tumepanda. Kinachoshikwa kwa muda nacho hutunzwa, na anayekiharibu atajibu. Mtoto na amtunze mnyama wake kama wakili, akijua kwamba siku moja atamwachia.

NENO LA SIRI NI AMANA

Tunaingia katika neno gumu zaidi kwa familia za wakimbizi. Sisi tumewalea watoto wetu kugawana kila kitu. Walilala watano kwenye mkeka mmoja. Walikula sahani moja. Mtoto asiyegawa tunamwita mchoyo. Sasa tunamwambia, "Paswadi usimpe rafiki yako, hata wa kwaya." Mtoto anachanganyikiwa: je, nimnyime ndugu?

Tumfundishe hivi: ukarimu ni kumfungulia mgeni mlango wewe mwenyewe. Hukumnyima mgeni chakula kwa kuwa hukumpa ufunguo. Gawa ulicho nacho, cheza pamoja na mwenzako, mwonyeshe mnyama wako, hata mpe kama zawadi ukipenda. Lakini ufunguo ubaki nyumbani. Ukimpa mwenzako ufunguo umemwongezea jaribu ambalo hakuliomba, na si kila mtoto wa miaka 14 ana nguvu za kulishinda.

Tena tutofautishe siri mbili. Wakati wa safari ya kukimbia, tuliwaambia watoto wetu wasitaje jina la ukoo wala tulikotoka. Siri ile iliwalinda. Iko siri nyingine, ile mtu mzima anayomwambia mtoto, "Usimwambie mama yako." Hiyo huficha uovu. Paswadi ni siri ya kulinda: wenzake wasiijue, wageni wasiijue, lakini mzazi aijue. Siri yoyote ya mchezoni ambayo mzazi amefungiwa nje yake, mtoto afundishwe kuileta nyumbani siku hiyo hiyo, naye mzazi aipokee bila fimbo. Mtoto akipigwa kwa kusema kweli, mara ya pili atanyamaza.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi mzingatie haya:

1. Paswadi iandikwe kwenye daftari na kuwekwa pamoja na karatasi za familia. Isiwe sawa na namba ya siri ya pesa ya simu, wala sawa na paswadi ya kitu kingine chochote. Mwizi akipata moja, hujaribu mlango wa pili kwa ufunguo ule ule.

2. Anayeahidi pesa za mchezo za bure au mnyama adimu, kisha akaomba paswadi, ni mwizi. Ndivyo alivyo hata akijiita mfanyakazi wa kampuni.

3. Mtoto akicheza kwenye simu ya mwingine, au kwenye kibanda cha kuchaji, atoke kwenye akaunti kabla ya kurudisha simu. Kufunga kioo tu hakutoshi.

4. Mchezo ukiwa na ulinzi wa hatua mbili, yaani namba inayotumwa kwenye simu au barua pepe ya mzazi, uwashwe, na namba hiyo isisomewe mtu yeyote. Laini ya simu iliyoachwa muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine, basi msiandikishe akaunti kwa laini mnayokaribia kuiacha.

5. Mtoto asitaje jina lake kamili, shule, wala mtaa wetu, wala asitume picha. Hili ni zito kwetu kuliko kwa watu wengine. Zipo familia kati yetu ambazo bado zinatafutwa. Neno moja la mtoto kwa mtu asiyemjua linaweza kufika mbali.

6. Mtu mzima anayempa mtoto zawadi za mchezoni mara kwa mara, kisha akaomba picha au mazungumzo ya faragha, ni mbwa-mwitu. Mnyama yule mzuri ni chambo. Mtoto aache kumjibu, mzazi atunze ujumbe ule kama ushahidi, na habari zipelekwe polisi na kwa wahusika wa ulinzi wa watoto humu makazini.

ARUDISHE NINI?

Turudi kwa wazee. Sheria ya Musa ilimtaja waziwazi mtu aliyemdanganya mwenzake katika kitu alichoaminiwa kukitunza. Alipaswa kukirudisha kizima na kuongeza sehemu ya tano juu yake, kisha ndipo alete sadaka (Law. 6:1-6). Mwenzake kwanza, madhabahu baadaye. Zakayo naye alipopata wokovu alisema habari za kurudisha mara nne (Lk. 19:8). Kwa hiyo hatukukubali kwamba kijana aombe tu radhi mbele ya kanisa na jambo liishe.

Mnyama mwenyewe hakuweza kurudi. Yuko kwa mtu asiyejulikana, katika nchi isiyojulikana. Basi wazee waliamua hivi. Kijana amkiri binti kosa lake uso kwa uso, na amtumie yule wa Marekani ujumbe wa sauti. Kisha alilee yai jingine kwa muda wake na bando lake mpaka mnyama akomae, amkabidhi binti. Na ile sehemu ya tano iwe ya kushikika: madumu mawili ya maji kila Jumamosi kwa majuma matano, ili binti awe huru saa ile ya kukutana na dada yake. Binti naye alifundishwa kubadili paswadi na kuiacha kwa mama yake.

Baba wa kijana alikubali, ingawa alitikisa kichwa. Ndugu wa Marekani alijibu kwamba amesamehe, lakini mnyama wa kwanza hatakuwa huyu wa pili. Ni kweli. Kurudisha hakufanyi yaliyotendeka yasiwe yametendeka. Kunamrudisha aliyekosa mahali anapoweza kusimama tena kati ya watu. Mama zao wamerudi kusalimiana bombani, kwa ufupi bado, lakini wanasalimiana.

KILA KITU KWA KIASI CHAKE

Tusije tukaeleweka vibaya. Mnyama wa simu haumii. Akikosa chakula, hakuna tumbo linalonguruma. Mithali 12:10 husema juu ya mwenye haki anayejali uhai wa mnyama wake, na uhai huo uko kwa mbuzi aliyefungwa kwenye jua bila maji, uko kwa kuku, uko kwa mbwa tunayempiga mawe. Mtoto anayekesha akimlisha mnyama wa kwenye kioo wakati mbuzi wa nyumbani analia kwa kiu amegeuza mambo. Watengenezaji wa michezo hii wameipanga ili imwite mtoto kila saa, maana hapo ndipo wanapopata faida. Mzazi apange saa, na saa ikifika simu izimwe.

Lakini vilevile mzazi asimcheke mtoto anayelia. Machozi yake yana mwili hata kama mnyama wake hana. Kumwambia mtoto, "Unalilia upuuzi," ni kumfundisha kwamba huzuni yake haina pa kwenda. Sisi tulioambiwa na watu, "Mnalilia nyumba za udongo," tunajua neno hilo linavyochoma.

Basi jibu letu kwa swali la kwanza ni hili. Aliyemtwaa kwa hila mnyama wa kwenye simu ameiba, kwa maana ametwaa muda, upendo na uaminifu wa mwenzake, na hivyo vitatu vipo kweli. Arudishe kadiri inavyowezekana, aongeze juu yake, kisha apokelewe. Naye aliyeibiwa ajifunze kushika ufunguo wake bila kuufunga moyo wake.

Maswali ya kujadili katika familia na katika vikundi vya maombi:

1. Ni vitu gani tunavyovitunza sasa ambavyo si vyetu kamili? Tunavitunzaje?
2. Je, watoto wetu wanaweza kutuambia siri ya mchezoni bila kuogopa fimbo?
3. Je, yuko mtu ambaye tulimwambia, "Nilikuwa natania," naye bado ana jeraha?

Bwana awalinde watoto wetu waingiapo na watokapo, nyumbani na mtandaoni. Amani yake ikae nanyi nyote. Amina.